Sungura Akinyonyoka Manyoya: Tuangalie Ngozi Kabla ya Kupeana

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Garsen na vijiji vya karibu. Tunayachapisha ili kila mwakilishi aweze kuyasoma kwa sauti katika kikundi chake.)

  

Akina mama, akina baba, wazee wetu na vijana. Nimeombwa niseme juu ya ngozi ya sungura. Najua wengine mmecheka kidogo. Huku kwetu Tana Delta mtu akitaja mifugo tunafikiria ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sungura tunasema ni wa watoto. Na ni kweli, wengi wetu tulimshika sungura kwa mara ya kwanza shuleni, katika 4K. Vilabu hivyo vilianza mwaka 1962, vikalala kwa muda mrefu, na Serikali ikavifufua mwaka 2021. Kwa hiyo watoto wetu wameanza tena kuleta sungura nyumbani.

Lakini si watoto peke yao. Tumepata miaka migumu. Ukame ulitupiga tangu mwisho wa 2020 mpaka mapema 2023, mvua msimu baada ya msimu ikikataa. Kisha mwisho wa mwaka huo huo wa 2023 mto ukafurika, na tena mwaka 2024. Watu wamepoteza mashamba na mifugo. Baada ya hapo vikundi vingi vinatafuta mnyama mdogo, asiyehitaji malisho ya mbali, anayekula nyasi na majani ya viazi vitamu, na anayeweza kubebwa ndani ya kapu maji yakija. Sungura ni mnyama huyo. Jike anabeba mimba siku 31 tu, na mara nyingi anazaa watoto watano hadi wanane. Ukimtunza vizuri, kwa muda mfupi una nyama ya nyumbani na una kitu cha kuuza.

Sasa, shida iko wapi?

Sungura wetu wanatembea

Hebu fikirini jinsi tunavyofanya katika vikundi. Mama mmoja anapewa jike. Akizaa, mama anatoa majike wawili kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Huyo naye akipata, anapitisha kwa mwingine. Huu ni utaratibu mzuri sana, maana hakuna anayeachwa nyuma. Tena dume huwa ni mmoja kwa kikundi kizima. Anakaa kwa mwanachama mmoja, na wengine wote wanapeleka majike wao huko kupandishwa.

Mnaona? Dume yule anakutana na majike wa nyumba zote. Kama jike mmoja tu ana upele, dume ameupata. Dume akiupata, kila jike anayefuata ameupata. Na jike anayezaa akiwa na upele, watoto wake wanatoka na upele, na hao ndio tunaowapitisha kwa jirani. Njia ile ile tuliyoitengeneza ili baraka ipite, ugonjwa nao unapita hapo hapo.

Na ugonjwa ukishaingia, maneno hayachelewi. "Fulani alinipa sungura mbaya makusudi." "Yule ana kijicho." Kikundi kilichochukua miaka kujengwa kinaanza kuvunjika kwa sababu ya mdudu ambaye hata haonekani kwa macho. Ndiyo sababu nasema jambo hili si dogo. Neno langu kubwa leo ni hili: sungura asitoke nyumba moja kwenda nyingine kabla ngozi yake haijaangaliwa. Mengine yote nitakayosema ni ya kutusaidia kufanya hivyo.

Kunyonyoka ambako si ugonjwa

Kwanza tusiogope bure. Sungura hubadilisha manyoya. Ya zamani yanatoka, mapya yanaota. Sungura mdogo hubadilisha manyoya yake ya utotoni anapokua, na mkubwa hubadilisha mara kwa mara. Utaona manyoya mengi ndani ya banda, na mwili wake utakuwa kama umekatwa vibaya na kinyozi, hapa marefu, pale mafupi.

Utajuaje kwamba ni kawaida? Ipulize ngozi kwa mdomo ili manyoya yagawanyike. Ukiona ngozi ni safi, haina magamba wala vidonda, na manyoya mapya mafupi yanachomoza, huyo ni mzima. Anakula, hajikuni, macho yake ni maangavu. Mwache. Ila mpe nyasi kavu kwa wingi siku hizo. Sungura hujilamba na kumeza manyoya, na hawezi kutapika. Nyasi zinasaidia tumbo kuyasukuma. Asipokula siku nzima na mavi yake yakapungua, tafuta msaada haraka.

Pili, jike aliyekaribia kuzaa hujing'oa manyoya ya kifua na tumbo ili awatandikie watoto. Hapo usitafute dawa, tafuta sanduku la kuzalia na nyasi laini. Wakati mwingine anafanya hivyo ingawa hana mimba, mwili umemdanganya tu. Naye mwache.

Tatu, sungura wengi wakibanana katika chumba kimoja, au wakikosa nyasi za kutosha, hung'oana manyoya. Dawa yake ni nafasi na chakula. Madume wakubwa usiwaweke pamoja hata kidogo, watapigana na kuumizana vibaya.

Kunyonyoka ambako ni ugonjwa

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Nitataja mambo matano, na nitasema mahali pa kuangalia.

*Upele.* Huu ndio mkubwa. Unaletwa na utitiri, wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi. Wafugaji walio hapa wanaujua kwa mbuzi na ngamia. Kwa sungura huanzia puani, midomoni, pembeni mwa macho, ncha za masikio na vidole vya miguu. Ngozi inakuwa nene, inafanya magamba meupe au ya kijivu kama majivu yaliyoganda. Sungura anajikuna usiku na mchana. Mwishowe hali vizuri, anakonda, anakufa. Kuna utitiri mwingine ambao hukaa juu ya manyoya, shingoni na mgongoni. Huyo huleta mba nyingi na manyoya kutoka kwa mafungu.

*Ugonjwa wa masikio.* Huu nao ni utitiri, ila wa aina nyingine. Sungura anatikisa kichwa, analaza sikio upande mmoja. Ukichungulia ndani unaona ukoko wa kahawia, tabaka juu ya tabaka. Ukizidi, unaingia ndani zaidi na sungura anapinda shingo.

*Choa.* Wengine wanaita mapunye. Huu si mdudu, ni ukungu wa ngozi. Unatoa vipara vya mviringo vyenye wekundu na magamba, mara nyingi kichwani, masikioni na miguuni. Huwashika zaidi sungura wachanga, na unashika watoto wetu pia.

*Vidonda vya nyayo.* Sungura mzito anayekaa juu ya waya mtupu au sakafu chafu hupoteza manyoya ya nyayo za nyuma, kisha anapata vidonda. Huyu hana ugonjwa wa kuambukiza wengine, ana banda baya. Mwekee kipande cha ubao mkavu cha kukalia na ukisafishe kila siku.

*Unyevu na uchafu.* Wakati wa mvua banda likivuja, au kopo la maji likimlowesha kidevu kila mara, manyoya hutoka na ngozi inakuwa nyekundu. Nyuma kukiwa kuchafu kwa mkojo na mavi, nzi hutaga mayai hapo, na baada ya muda mfupi kuna funza. Baada ya mafuriko angalieni sana hili. Wanyama wakibanwa pamoja mahali palipolowa, ngozi ndiyo huharibika kwanza.

Dakika tano za kuangalia

Msimshike sungura kwa masikio. Shika ngozi ya nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ubebe matako yake. Mweke juu ya gunia mezani, ili asiteleze. Kisha anzeni mbele kwenda nyuma: ndani ya masikio, ncha za masikio, pua, midomo, kuzunguka macho. Pulizeni manyoya ya shingo na mgongo. Angalieni vidole vya miguu ya mbele, kucha, nyayo za nyuma, na chini ya mkia. Asiyeona vizuri amwite kijana mwenye macho makali. Dakika tano zinatosha.

Matibabu: la kufanya na la kuacha

Ukimwona mmoja ana upele, kwanza mtenge. Mweke mbali na wengine, na umhudumie wa mwisho, baada ya wazima. Nawa mikono kwa sabuni.

Pili, mwite afisa wa mifugo. Dawa inayotumika sana kwa utitiri ni ivamektini, ambayo hudungwa chini ya ngozi. Wengi wenu mnaijua kwa ng'ombe. Lakini sikilizeni vizuri: chupa ya ng'ombe imepimwa kwa mililita moja kwa kilo 50. Sungura wetu wana kilo mbili, tatu. Kipimo chake ni kidogo sana, ni kama sehemu ya kumi ya mililita. Ukikisia kwa jicho utamwua. Basi mwenye ujuzi apime, na awape uzito wa kila sungura kwanza. Mwulizeni pia ni siku ngapi zipite kabla ya kumchinja sungura aliyedungwa. Msile nyama kabla ya siku hizo.

Sindano moja haitoshi. Dawa inaua wadudu, mayai yanabaki. Mayai yakianguliwa, upele unarudi, na watu wanasema "dawa ilikuwa bandia". Kwa hiyo rudieni baada ya siku 14, hata kama sungura anaonekana amepona.

Na hapa ndipo kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Kumwita afisa kwa sungura wawili ni gharama kubwa kwa mama peke yake. Lakini chupa moja ndogo inatosha sungura wa kikundi kizima, na safari ya afisa ni moja. Changeni pamoja, mtibu sungura wote siku moja, hata wale wanaoonekana wazima, maana walikaa pamoja. Mkitibu nyumba hii leo na ile mwezi ujao, mnafukuza mdudu kutoka mlango mmoja aingie mwingine.

Siku hiyo hiyo safisheni mabanda. Ondoeni nyasi na mavi makavu mkayachome mbali na nyumba. Kwangueni mbao, oshani kwa sabuni na maji yanayochemka, kisha acheni jua la Garsen lifanye kazi yake. Jua hilo tunalolilalamikia kila siku, hapo ni dawa ya bure. Lakini sungura wenyewe wawe kivulini wakati huo, chini ya makuti, penye upepo. Joto kali linamwua sungura upesi.

Kwa ukoko wa masikio, mnaposubiri afisa, tieni matone machache ya mafuta ya kupikia au ya nazi yaliyo safi, mara moja kwa siku. Ukoko utalainika na wadudu watakosa hewa. Msiubandue kwa nguvu, chini yake ni nyama mbichi, utamtesa mnyama.

Sasa ya kuacha. Msimpake sungura oili chafu ya gari. Inachoma ngozi, naye atailamba yote. Msimtumbukize katika dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala msimpake dawa ya viroboto ya mbwa. Kuna dawa ya viroboto inayoitwa fiproni ambayo kwa mbwa haina shida, lakini kwa sungura ni sumu.

Watoto wetu

Mtoto anampenda sungura, anambeba kifuani, wengine wanalala naye. Sungura mwenye upele anaweza kumwasha mtoto mikononi na tumboni. Utitiri wa sungura hauishi muda mrefu juu ya mtu, hivyo mara nyingi mwasho unapungua wenyewe sungura wakishatibiwa. Mwasho ukiendelea, au nyumba nzima ikijikuna usiku, huo huenda ni upele wa watu, unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Nendeni zahanati mtibiwe wote. Msimsingizie sungura wa jirani.

Choa nayo inahitaji dawa ya zahanati. Mtoto mwenye kipara cha mviringo kichwani asifichwe kwa kofia, apelekwe. Na tuwafundishe watoto: ukimshika sungura, nawa mikono, na sungura alale kwake, wewe ulale kwako.

Aibu ndiyo inayoeneza

Ndugu zangu, yote niliyosema mpaka hapa ni rahisi. Kazi ngumu ni hii ninayoisema sasa.

Mama ameona sungura wake ana magamba puani. Zamu yake ya kupitisha ni wiki ijayo. Anajua wenzake wanamsubiri. Anawaza: nikisema, watasema sikutunza, nimepewa mali ya kikundi nikaiharibu. Basi anampangusa pua kwa mafuta, anamtoa jioni wakati giza linaingia, na mwenzake anapokea kwa furaha. Mama huyo si mwizi wala hana roho mbaya. Anaogopa aibu. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kitaumbua kikundi.

Katika Biblia, kitabu cha Walawi sura ya 13 na 14, tunasoma habari ndefu za ngozi. Mtu mwenye alama anapelekwa kwa kuhani, anatengwa siku saba, kisha anaangaliwa tena. Hata nyumba inaangaliwa, kuta zinakwanguliwa. Na akionekana amepona, kuna njia ya kumrudisha kwa watu wake kwa heshima. Hilo la mwisho tunalisahau. Kutenga kulikuwa na mlango wa kurudi.

Basi kikundi nacho kiweke mlango huo. Napendekeza kanuni nne, mziandike kwenye kitabu cha kikundi:

1. Sungura yeyote anayepitishwa aangaliwe mbele ya watu watatu: anayetoa, anayepokea, na mmoja wa kamati. Iwe mchana.

2. Akifika nyumba mpya akae peke yake wiki tatu, ndipo achanganywe na wengine.

3. Anayetunza dume ana ruhusa kamili ya kumkataa jike mwenye dalili, hata kama ni wa mwenyekiti, hata kama ni wa mama mkwe wake. Akikataa, asionekane ana maringo. Amewalinda wote.

4. Mwanachama akisema mwenyewe kwamba sungura wake anaumwa, asitozwe faini wala asipoteze zamu yake. Zamu isogezwe mpaka apone, na kikundi kisaidie dawa.

Kanuni ya nne ndiyo nguzo ya zile tatu. Tukimwadhibu anayesema, tumewafundisha wote kunyamaza. Na kama mtu amepokea sungura mgonjwa, asiende kisimani kusimulia. Aende kwa aliyempa, wamwangalie mnyama pamoja, kisha wote wawili waende kwa kamati. Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na wageni wengine tunaishi pamoja hapa. Tunajua jinsi neno dogo lililosemwa vibaya linavyokua. Tusilipe chakula.

 Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, sungura wanatoka wapi na wanakwenda wapi? Choreni ramani ya nyumba chini kwa kijiti, muonyeshe njia ya kila sungura na ya dume.

2. Je, kuna mwanachama aliyewahi kuogopa kusema mnyama wake anaumwa? Kwa nini aliogopa? Tungemfanyia nini?

3. Ni nani kati yetu ataangalia ngozi za sungura, na ni siku gani ya mwezi?

4. Tukichanga pamoja, kila nyumba itoe kiasi gani ili afisa wa mifugo aje mara mbili, siku 14 zikiwa katikati?